Nani atamtoa mbwa nje saa sita mchana?

*Mbwa aliyekuwa akilala uani sasa analala sebuleni. Kumfundisha mahali pa kujisaidia kumezua mvutano kati ya wenye mbwa, majirani na madaktari wa mifugo. Anayebeba mzigo mzito zaidi ni dada wa kazi, ambaye hakuulizwa.*

Alfajiri Kilimani, kabla magari hayajaanza kubanana Ngong Road, mlango wa chini wa jengo la fleti unafunguka na binti anatoka upesi, ndara miguuni, leso mabegani. Amempakata mtoto wa mbwa mweupe wa majuma tisa hivi. Anamshusha kwenye kipande cha nyasi kilichobaki kati ya ukuta na maegesho ya magari. Kilebu ananusa ukuta, anafukuza jani, anaketi. Mlinzi anatazama. Juu, uji uko jikoni na watoto hawajavaa sare. Binti anasubiri kadiri awezavyo, kisha anambeba tena na kupanda naye ngazi hadi ghorofa ya nne. Hajafunga mlango vizuri, kilebu amechuchumaa katikati ya zulia.

Zulia si lake na mbwa si wake. Mbwa aliletwa na mwajiri kuwa zawadi ya watoto. Lakini tambara ni lake, na lawama zitakuwa zake.

Asubuhi za namna hii ni za kawaida katika nyumba nyingi za ghorofa jijini Nairobi zenye mbwa mchanga. Zinaonekana jambo dogo, la kumalizwa kwa ndoo na sabuni. Ila zikirudiwa mwezi mzima huleta ugomvi kati ya mwajiri na mfanyakazi, barua kutoka kwa msimamizi wa jengo, na mara nyingine mbwa kutupwa mbali na nyumbani.

Kutoka uani hadi sebuleni

Kwa miaka mingi mbwa wa mjini alikuwa wa uani. Mchana alifungiwa bandani, usiku akafunguliwa alinde boma, akapewa mabaki ya ugali na mifupa. Hakuna aliyejali alijisaidia wapi, kwani ua ulikuwa mpana. Kisha nyumba za bustani za Kilimani, Kileleshwa na Lavington zikaanza kubomolewa, majengo marefu yakasimama mahali pake, na bustani zikageuka maegesho. Mbwa naye akabadilika. Badala ya German Shepherd wa langoni, kukawa na Japanese Spitz, Maltese na Chihuahua, mbwa wadogo wa kulala kwenye kochi.

Baadhi yao hununuliwa wakiwa wachanga mno, kando ya barabara, kutoka kwenye kreti au mikononi mwa wachuuzi. Hapo ndipo taabu ya sebuleni huanzia, kabla mnunuzi hajatoa hata shilingi.

Mtoto wa mbwa akizaliwa hawezi kukojoa bila kulambwa na mama yake. Hali hiyo huendelea kwa takriban majuma matatu, na mama husafisha kila kitu kwa ulimi. Akishaweza kutembea, kilebu mwenyewe huanza kujikokota kutoka pale anapolala ili ajisaidie kando. Hiyo ni hulka yake, hafunzwi na mtu. Ifikapo juma la nane au la tisa, anaanza kushikamana na sakafu ambayo nyayo zake zimeizoea. Aliyelelewa nyasini hutafuta nyasi. Aliyelelewa kwenye saruji hutafuta saruji, na marumaru ya sebuleni kwake hayana tofauti kubwa na saruji.

Anayefungiwa kreti usiku na mchana hulazimika kulala juu ya uchafu wake, na ile hulka ya kujitenga na uchafu hufifia. Kwa hiyo anayekwenda kununua mbwa aombe kuona mama yake na mahali vilebu wanapolala. Muuzaji asiyetaka kuonyesha ameshajibu swali.

> Kilebu wa miezi miwili hawezi kujizuia mchana zaidi ya saa mbili au tatu. Mwenye mbwa anaondoka saa moja asubuhi na kurudi saa moja jioni.

Madaktari na wakufunzi wa mbwa hutumia kipimo chepesi: hesabu umri wa kilebu kwa miezi, ongeza moja, na jibu ni saa nyingi kabisa anazoweza kujizuia mchana. Wa miezi miwili, saa tatu. Wa miezi mitatu, saa nne. Hicho ni kikomo, na mbwa wa mbegu ndogo, ambao ndio wanaopendwa kwenye fleti, mara nyingi hawakifikii. Zaidi ya hapo kuna nyakati ambazo saa haisemi kitu: akiamka tu, akimaliza kucheza, na kati ya dakika tano na nusu saa baada ya kula, kwa sababu chakula kikiingia tumboni utumbo mpana nao huanza kusukuma.

Ukizijua nyakati hizo, kazi yenyewe si ngumu. Anatolewa kwa kamba hadi mahali palepale kila mara, anaachwa anuse bila kuchezeshwa, na akishamaliza tu, palepale, anasifiwa na kupewa kipande kidogo cha kitu akipendacho. Sifa zikingoja hadi warudi ndani, kilebu ataamini anasifiwa kwa kuingia mlangoni. Yule binti wa Kilimani alifanya karibu kila kitu sawasawa. Alichokosa ni dakika kumi zaidi, na dakika hizo hakuwa nazo.

Pua kwenye mkojo

Katika nyumba nyingi bado kuna njia ya zamani: kumshika kilebu shingoni, kumsugua pua kwenye mkojo wake na kumzaba kofi. Wanaoitetea husema mbwa wao wa utotoni walifunzwa hivyo na wakajua. Husema pia kwamba mbwa anajua amekosa, maana ukiingia tu anainamisha kichwa, anafyata mkia na kujificha chini ya meza.

Jambo hilo limewahi kupimwa. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa Chuo cha Barnard, New York, alichapisha jaribio ambamo mbwa walikatazwa kula kipande cha chakula, kisha wenye mbwa wakatoka chumbani. Waliporudi, wengine waliambiwa ukweli na wengine wakaambiwa uongo juu ya kile mbwa alichokifanya. Ule uso wa hatia ulijitokeza zaidi pale mbwa alipokaripiwa, hata kama hakuwa amekula kitu. Mbwa alikuwa akisoma hasira ya bwana wake. Hakuwa akikumbuka kosa.

Basi kilebu anayepigwa jioni kwa mkojo wa mchana hajifunzi chochote kuhusu mkojo. Anachojifunza ni kwamba binadamu anaporudi nyumbani ni hatari, na kwamba kukojoa mbele ya binadamu ni hatari zaidi. Matokeo yake yanawashangaza wengi: mbwa anakataa kabisa kujisaidia akiwa kwenye kamba, anavumilia hadi arudi ndani, kisha anajificha nyuma ya kochi. Hapo huitwa mkaidi, na kofi linaongezwa.

Wapo pia vilebu wanaochuruzika mkojo wanapoinamiwa, wanaposalimiwa kwa kelele au wanapogombezwa. Hilo si kosa la mafunzo hata kidogo. Ni namna ya mbwa mchanga kusema kwamba amenyenyekea. Ukimpiga, atachuruzika zaidi.

Nalisema hili bila kusitasita: anayempiga kilebu kwa kukojoa anamwonea. Kiumbe yule amefanya alichoweza kwa kibofu alichonacho, na aliyechelewa ni mtu.

Lingine ni maji. Baadhi ya watu huondoa bakuli la maji mchana kutwa ili mbwa asikojoe. Kilebu asipokunywa huugua, na Nairobi ya Januari ina jua kali. Bakuli linaweza kuondolewa saa moja au mbili kabla ya kulala, basi. Mbwa anayekunywa maji kupita kiasi, anayekojoa matone matone au mwenye damu kwenye mkojo apelekwe kwa daktari, kwa kuwa huo si utovu wa adabu.

Daktari anasema asikanyage chini

Hapa ndipo mwenye mbwa mwenye nia njema anapokwama. Mkufunzi anamwambia amtoe kilebu nje tangu siku ya kwanza. Daktari wa mifugo anamwambia kilebu asikanyage ardhi ya nje kabla chanjo hazijakamilika. Wote wawili wana sababu nzito.

Sababu ya daktari ni parvo. Virusi hivi vilijitokeza kwa mbwa mwaka 1978 na kuenea duniani katika muda mfupi. Hushambulia utumbo na kinga ya mwili ya kilebu, naye huharisha damu na kutapika hadi maji yamwishe. Vinatoka kwa wingi kwenye kinyesi na vinaweza kukaa udongoni kwa miezi mingi, hasa penye kivuli. Mbwa aliyeugua anaweza kuwa alipita hapo mwaka jana. Chanjo huanza kati ya juma la sita na la nane, hurudiwa kila baada ya majuma mawili hadi manne, na hukamilika kilebu akiwa na majuma 16 au zaidi. Daktari aliyeona vilebu wakifa mezani kwake hawezi kulaumiwa kwa kuogopa nyasi za mtaani.

Sababu ya mkufunzi ni umri. Kilebu hujifunza dunia, watu na sakafu kwa urahisi kati ya juma la tatu na la 12 au 14. Ukingoja majuma 16, dirisha limeshafungwa, na amekojoa kwenye marumaru kwa miezi miwili mfululizo. Mwaka 2008 chama cha madaktari wa tabia za wanyama cha Marekani, AVSAB, kilitoa msimamo kwamba vilebu waanze kuchangamana na dunia kabla chanjo zote hazijakamilika, mradi wamepata chanjo ya kwanza angalau siku saba kabla na dawa ya minyoo, na mahali pawe safi. Hoja yao ni kwamba matatizo ya tabia huwaondoa mbwa wengi nyumbani, na wengi huishia kuuawa kwa ajili hiyo.

Kwenye fleti kuna njia ya katikati, nami naona ndiyo bora. Karai pana au sinia la plastiki hujazwa udongo na kupandwa nyasi za kikuyu, zile zinazouzwa vipande vipande na wauza miche kando ya barabara, zikiwa zimetoka mahali pasipopita mbwa. Sinia linawekwa kwenye roshani. Kilebu anajifunza nyasi tangu siku ya kwanza, na akimaliza chanjo anahamishiwa nyasi za chini bila kubadilisha lugha ya nyayo zake. Magazeti yaliyotandazwa sakafuni yanafaa kwa siku chache za dharura, lakini mbwa aliyefunzwa gazeti atakojolea gazeti lolote atakalolikuta chini, hata la leo. Msitu wa Karura na sehemu nyingine wanakotembezwa mbwa wengi zingoje hadi chanjo zikamilike.

Palipochafuka pasafishwe kwa mpangilio. Kwanza mkojo ufyonzwe kwa kitambaa na paoshwe kwa maji na sabuni. Klorini, ile ambayo wengi huiita Jik, huua virusi vya parvo, lakini isimwagwe juu ya mkojo mbichi, maana mkojo una amonia na vikikutana hutoa mvuke unaochoma mapafu. Dawa za kusafishia zenye amonia ziachwe kabisa kwa kazi hii. Zinanukia kama mkojo, na kilebu atarudi papo hapo.

> Mayai ya minyoo kwenye kinyesi kibichi bado hayawezi kumwambukiza mtu. Yakiachwa udongoni majuma mawili au zaidi, yanaweza.

Jirani naye ana haki

Jirani wa ghorofa ya tatu hakuchagua mbwa. Watoto wake hucheza kwenye kile kipande kimoja cha nyasi kilichobaki. Karibu vilebu wote huzaliwa wakiwa na minyoo aina ya toxocara waliyoipata tumboni mwa mama, ndiyo maana madaktari hushauri dawa ya minyoo tangu juma la pili, irudiwe kila majuma mawili hadi la nane. Mtoto akimeza mayai yaliyokomaa kwa mkono wenye udongo, viwavi vyake huzurura mwilini na vinaweza kufika machoni. Minyoo mingine, ya safura ya mbwa, hupenya ngozi ya mguu mtupu na kuacha mistari inayowasha. Dawa ya haya yote ni mfuko na mkono wa mwenye mbwa, siku hiyohiyo. Anayedai haki ya kufuga mbwa kwenye fleti na hataki kuokota kinyesi hana hoja mbele ya jirani huyu.

Yuko pia jirani Mwislamu, kuanzia Eastleigh hadi Mombasa, na lazima asikilizwe kwa heshima. Waislamu wengi wa pwani yetu hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mate na mkojo wa mbwa kuwa najisi nzito: kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Dini hiyohiyo inaruhusu mbwa wa kulinda, kuwinda na kuchunga, na madhehebu ya Maliki yana msimamo mwepesi zaidi. Mkojo kwenye lifti au ngazi, kwa mtu anayeshuka kwenda kuswali, ni zaidi ya harufu mbaya. Kumbeba kilebu mikononi hadi atoke nje ya jengo, badala ya kumwacha akimbie koridoni, kunaondoa sehemu kubwa ya ugomvi huu.

Mwalimu asiyelipwa

Makala na vitabu vingi vya kulea mbwa vimeandikwa kana kwamba mwenye mbwa ndiye anayeshinda naye nyumbani. Nairobi sivyo. Baba na mama wako kazini, au kwenye foleni ya magari, watoto wako shuleni, na kilebu anabaki na dada wa kazi. Ndiye anayekuwepo mbwa anapoamka, anapokula, anapozunguka akinusa kutafuta mahali. Yeye ndiye mwalimu, na mara nyingi hakuna aliyemweleza hivyo.

Alipoajiriwa alikubaliana kupika, kufua, kudeki na kuwatazama watoto. Mbwa alikuja baadaye. Kilebu anahitaji kutolewa mara sita hadi nane kwa siku, ngazi chini, ngazi juu. Hiyo ni kazi mpya, na kazi mpya ina bei yake. Kuna binti aliyelelewa nyumba ambayo mbwa haingii ndani, anayemwogopa. Kuna Mwislamu ambaye kila tone linamlazimu kujitwaharisha upya. Hawa wote wana haki ya kuulizwa kabla mbwa hajaletwa, na ya kukataa bila kupoteza kibarua.

Pale anapokubali, mambo hubadilika upesi. Familia nzima, dada akiwemo, hukaa na kupatana: neno gani litumike kumwita kwenda kujisaidia, mahali gani, saa ngapi, nani wa alfajiri, nani wa usiku. Baba akisema "twende nje" na mtoto akisema "kojoa" na dada hajaambiwa neno lolote, kilebu atachanganyikiwa. Ratiba ibandikwe kwenye friji. Zamu ya alfajiri iwe ya mwenye mbwa, kwa kuwa saa hiyo dada ana uji na sare. Wikendi zamu zote ziwe za wenye nyumba. Na karatasi ya mshahara ionyeshe nyongeza.

Mchana, kati ya zamu, kizimba kidogo husaidia. Mbwa hapendi kuchafua anapolala, hivyo akiwa kwenye kizimba cha kumtosha kusimama, kugeuka na kujinyoosha, hujizuia. Ila kizimba kina kikomo kilekile cha kibofu. Kumfungia kilebu wa miezi miwili kutwa nzima ni kumrudisha kwenye kreti ya mchuuzi, na ile hulka iliyobaki itakufa.

Vilebu wengi hushika mafunzo kati ya miezi minne na sita. Wengine hukaribia mwaka.

Anayefukuzwa huenda wapi

Familia inayochoka kabla ya hapo humpeleka mbwa kwa jamaa shambani, au humwacha barabarani usiku. Aliyeachwa bila chanjo hujiunga na mbwa koko wa mtaa, na hapo jambo lililoanzia kwenye zulia linakuwa la afya ya umma. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na katika visa 99 kati ya 100 binadamu huambukizwa na mbwa. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo hivyo ifikapo mwaka 2030, na njia yenyewe ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Kila mbwa anayetupwa huku hajachanjwa anaivuta hesabu hiyo nyuma. Chanjo ya kichaa hutolewa kilebu akitimiza miezi mitatu, umri uleule ambao uvumilivu wa wengi huwa umekwisha.

Kwa hiyo nyumba isiyo na mtu wa kumtoa mbwa saa sita mchana isichukue kilebu. Inaweza kuchukua mbwa mzima. Shirika la KSPCA jijini Nairobi hupokea mbwa waliotelekezwa na kuwatafutia makao, na wengi wao si wachanga tena. Mbwa mzima mwenye afya huweza kujizuia saa sita hadi nane, na ukubwa na tabia yake vinaonekana kabla ya kumbeba. Majuma ya kwanza, watu wakiwa nyumbani, hata yeye atolewe kila baada ya saa mbili au tatu, kwa kamba, hadi mahali palepale, kwa sababu nyumba ni ngeni kwake na bado hajaonyeshwa mlango uko wapi.